Nanga Iliburutwa Kilomita 90, Mahakama Ikasema Kesi Si Yake

Saa sita na dakika 26 mchana, Desemba 25, 2024. Ufini yote iko mezani, ni Krismasi. Estlink 2, kebo ya umeme inayopita chini ya Ghuba ya Ufini hadi Estonia, inajizima ghafla. Uwezo wa kupitisha umeme kati ya nchi hizo mbili unaporomoka kutoka megawati 1,016 hadi 358.

Majumbani hakuna taa iliyozimika.

Juu ya kebo hiyo, wakati huohuo, ilikuwa ikipita meli ya mafuta iitwayo Eagle S. Bendera yake ilikuwa ya Visiwa vya Cook. Ilikuwa imetoka bandari ya Ust-Luga nchini Urusi na takriban tani 35,000 za petroli, ikielekea Port Said, Misri. Siku haijaisha, kebo nne za mawasiliano nazo zilikuwa zimeharibika. Mnyororo wa nanga wa meli ile ulipovutwa juu, ulikuja mtupu. Helikopta zikawashusha polisi na walinzi wa mpaka wa Ufini kwenye sitaha. Wachunguzi wakakuta sakafuni mwa bahari mfereji wa karibu kilomita 90. Januari, meli ya Uswidi HMS Belos ikaiopoa nanga yenyewe, chuma cha tani 11 hivi.

Meli ipo, nanga ipo, mfereji upo, watuhumiwa wapo.

Kisha Oktoba 3, 2025, Mahakama ya Wilaya ya Helsinki ikaiondoa kesi dhidi ya nahodha na maofisa wake wawili. Haikusema wana hatia, wala haikusema hawana. Ilisema Ufini haina mamlaka ya kuwahukumu, na serikali iwalipe gharama za mawakili, takriban euro 195,000.

Hukumu ile bado inanisumbua. Kila nikiisoma upya, naona mahakama ilikuwa na hoja nzito, na hapo ndipo usumbufu wenyewe ulipo. Nchi za Ulaya ya Kaskazini zimekuwa hodari wa kulinda bahari yao kwa pamoja: wanajua meli ipi iko wapi, na wanaifikia kwa saa chache. Wakishaifikia, sheria waliyoipigania wao wenyewe inawaambia waiache iende.

## Nanga huponyokaje?

Tuanze na chuma, maana mabishano yote ya mahakamani yamejengwa juu yake.

Meli kubwa hubeba nanga mbili omoni, yaani mbele, kila moja na mnyororo wake. Meli ikiwa safarini, nanga hushikwa na vitu vitatu: breki ya winchi, komeo zito linaloshuka juu ya pingili ya mnyororo, na waya wa kufungia. Breki peke yake haiaminiki. Omo likipanda na kushuka kwenye mawimbi, tani 11 hutikisika na kugonga, na breki iliyolika huachia kidogokidogo. Kama komeo halikushushwa au limeliwa na kutu, na waya umelegea, mnyororo huanza kutoka. Ukishapata kasi, uzito wake wenyewe huuvuta uliobaki.

Sasa hesabu kina. Mnyororo wa meli hupimwa kwa vipande vya mita 27.5, ndizo pima 15 za mabaharia. Ghuba ya Ufini ina kina cha wastani cha mita 38 hivi. Vipande viwili vikitoka, nanga imeshagusa chini sehemu nyingi. Katikati ya Bahari ya Hindi nanga iliyoponyoka ingening'inia tu majini. Bahari ya Baltiki, ambayo ghuba hiyo ni sehemu yake na ambayo wastani wake ni mita 55 hivi, ina kina kifupi mno kwa kosa la aina hiyo.

Chini kuna kebo zilizofukiwa, mara nyingi mita moja hivi, pale ambapo tope linakubali. Penye mwamba hubaki wazi au hufunikwa kwa mawe. Kebo ya mawasiliano isiyovishwa waya za chuma haizidi unene wa bomba la kumwagilia bustani.

Je, mabaharia wanaweza kuburuta nanga kwa kilomita 90 bila kujua? Mwendo hupungua. Injini huelemewa. Mwelekeo huyumba na usukani hurekebisha mara kwa mara. Na haya hayaonekani melini tu: mtambo wa AIS hurusha namba ya kuitambulisha meli, mahali ilipo na mwendo wake kila sekunde chache, kwa hiyo hata aliyekaa ofisini nchi kavu huona meli ikipoteza kasi bila sababu. Waendesha mashtaka waliiegemea hoja hii. Utetezi ulisema ni ajali, iliyotokana na vifaa vya nanga na hali ya bahari. Kwa maoni yangu, kupungua kwa mwendo kunathibitisha kwamba kulikuwa na jambo la kuchunguza na halikuchunguzwa. Ni uzembe, na huenda ni uzembe mkubwa. Kwamba ni hujuma, mchoro wa mwendo peke yake hausemi.

## Ujia uliochorwa miaka ya tisini

Chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, nchi ina mamlaka kamili hadi maili 12 za baharini kutoka pwani yake. Zaidi ya hapo unaanza ukanda wa kiuchumi: samaki ni wako, gesi ni yako, upepo wa kuzungusha mitambo ni wako. Meli inayopita si yako.

Ibara ya 113 inaitaka kila nchi itunge sheria ya kumwadhibu anayekata kebo kwa makusudi au kwa uzembe, ila inazungumzia meli zinazopeperusha bendera ya nchi hiyo na watu walio chini ya mamlaka yake. Ibara ya 97 inasema tukio la usafiri wa majini likitokea nje ya maji ya nchi, nahodha atashtakiwa na nchi ya bendera au nchi ya uraia wake, basi. Mahakama ya Helsinki iliona kuanguka kwa nanga ni tukio la namna hiyo. Bendera ni ya Visiwa vya Cook, nahodha ni raia wa Georgia, na kebo zilivunjika nje ya maji ya Ufini. Hapo mlango ukafungwa.

Lakini kwa nini kuwe na bahari ya wazi kwenye ghuba nyembamba namna ile?

Kwa sababu Ufini na Estonia ziliiacha kwa hiari. Kama kila moja ingejivuta hadi maili 12, maji yao yangekutana sehemu kadhaa na kuifunga njia ya katikati. Katikati ya miaka ya 1990 wakakubaliana kila upande ubaki angalau maili 3 kutoka mstari wa kati. Ukapatikana ujia wa maili 6 au zaidi, ambao meli za St. Petersburg na Ust-Luga hupita bila kumwomba mtu ruhusa. Ulikuwa ni usalama wa pamoja wa enzi ile: kumwachia jirani mkubwa nafasi ya kupumua.

Sasa zipo sauti zinazotaka ujia ufungwe. Nimelipima wazo hilo na sioni faida yake ikizidi hasara. Ujia ukifungwa, ghuba yaweza kuhesabika kuwa mlangobahari unaotumika kimataifa, na katika mlangobahari meli zina haki ya kupita ambayo nchi ya pwani hairuhusiwi kuizuia. Haki hiyo inagusa ndege pia. Ufini na Estonia zinaweza kujikuta zimeongeza maji kwenye ramani na kubishana kuhusu ndege za kijeshi karibu na miji mikuu yao. Wanasheria hawajakubaliana juu ya hili, na suala ambalo wanasheria hawajakubaliana si la kujaribia ukiwa na jirani mwenye silaha.

## Mwezi mzima Kattegat

Wiki tano kabla ya Eagle S kulikuwa na tukio lingine ambalo limefundisha zaidi.

Novemba 17 na 18, 2024, kebo mbili za mawasiliano zilikatika kwa kufuatana: BCS East-West kati ya Lithuania na kisiwa cha Gotland cha Uswidi, na C-Lion1 kati ya Helsinki na Rostock, Ujerumani. Data za mwendo zikaelekeza kwa meli ya shehena ya Kichina, Yi Peng 3. Meli ikasimama Kattegat, kati ya Denmark na Uswidi, ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Denmark lakini nje ya maji yake.

Ikakaa hapo mwezi mzima. Manowari ziliizunguka bila kupanda.

Desemba 19 China iliendesha uchunguzi wake melini, wawakilishi wa nchi za Ulaya wakiwa watazamaji. Mwendesha mashtaka wa Uswidi hakuruhusiwa. Siku mbili baadaye meli iling'oa nanga ikaondoka.

Wafini waliona. Ilipofika zamu yao, waliitaka Eagle S iingie kwenye maji ya Ufini kabla ya jambo lingine lolote, na ikaingia. Humo polisi wana mamlaka yao kamili. Mfululizo uliofuata ulikwenda kwa kasi ambayo miaka michache nyuma isingewezekana: Estonia ikaipeleka meli ya doria Raju kulinda Estlink 1, kebo ya umeme iliyobaki kati ya nchi hizo mbili, Uswidi ikaleta Belos, na Januari 14, 2025 viongozi wa nchi za NATO zinazopakana na Baltiki, wakiwa Helsinki, wakatangaza operesheni ya Baltic Sentry yenye manowari, ndege za doria na droni za baharini. Kundi la kijeshi la nchi kumi linaloongozwa na Uingereza, JEF, nalo likaanzisha mfumo wa kompyuta unaolinganisha njia za meli na maeneo yenye kebo na kutoa tahadhari.

Mafanikio hayo ni ya kweli. Ila yameegemea jambo moja jembamba: nahodha alikubali kugeuza usukani. Yi Peng 3 haikukubali.

## Na kama ni ajali kweli?

Swali hili watu hulikwepa, pengine kwa kuogopa kuonekana wanaitetea Urusi.

Januari 26, 2025, kebo ya Latvia iendayo Gotland iliharibika. Uswidi ikaikamata meli Vezhen, yenye bendera ya Malta na mmiliki wa Bulgaria, kwa tuhuma za hujuma. Siku chache baadaye mwendesha mashtaka akaiachia: hali mbaya ya hewa, kasoro za vifaa, ubaharia duni. Nanga ilikata kebo, lakini hapakuwa na nia. Mwisho wa mwezi huohuo Norway, kwa ombi la Latvia, iliizuia meli nyingine yenye mabaharia wa Kirusi, ikaipekua, haikupata kitu, ikaiachia.

Duniani kote kebo za mawasiliano huharibika kati ya mara 150 na 200 kila mwaka, na sehemu kubwa ni nanga na nyavu za uvuvi. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa: Mei 12, 2024 kebo za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zikabaki na intaneti ya kudondoka tone moja moja.

Kwa upande mwingine, ukanda mmoja mdogo ulipata bomba la gesi la Balticconnector lililoraruliwa na nanga ya meli Newnew Polar Bear Oktoba 2023, kisha Yi Peng 3, kisha Eagle S, ndani ya miezi 15. Ninachoamini ni hiki: usalama unaotegemea kujua nia ya nahodha umejengwa pabaya. Meli kuukuu, isiyo na bima ya maana, yenye komeo bovu, ni hatari iwe imetumwa au haikutumwa. Anayetaka kudhuru hahitaji hata kutoa amri. Inamtosha kuacha meli za namna hiyo ziendelee kupita.

Nikishafika hapo, swali la mahakama linapungua uzito, na swali la karakana linapanda.

## Siku 10, miezi sita

C-Lion1 ilikatika Novemba 18 na ikarudi kazini Novemba 28. Estlink 2 ilikatika Desemba 25 na ikarudi Juni 20. Balticconnector ilipasuka Oktoba 8, 2023, gesi ikapita tena Aprili 22, 2024.

Tofauti hiyo ndiyo ramani halisi ya udhaifu wa Ulaya.

Kebo ya mawasiliano mafundi huipima kutoka nchi kavu kwa mapigo ya mwanga. Muda ambao mwanga unachukua kurudi huwaonyesha kilomita ya jeraha. Meli ya ukarabati hukata sehemu mbovu kwa ndoano, huinua ncha moja na kuifunga boya, huinua ya pili, huunganisha nyuzi za kioo moja baada ya nyingine ndani ya chumba safi, huongeza kipande kipya kwa sababu kebo iliyolala chini haina ziada ya kufika juu, halafu hulaza kitanzi chote tena. Hali ya hewa ikikubali, ni kazi ya siku.

Kebo ya umeme ya kilovolti 450 ni kazi nyingine kabisa. Shaba yake imezungushiwa matabaka ya karatasi iliyoloweshwa mafuta mazito, kisha madini ya risasi, kisha chuma. Maji yakishaingia, hukatwa kipande kirefu hadi mafundi wafike penye ukavu. Kila kiungio husukwa kwa mkono, tabaka juu ya tabaka, kwa siku kadhaa ambazo meli haitakiwi kusogea. Wakati wa baridi kali, Ghuba ya Ufini haitoi siku hizo. Na kipande cha akiba lazima kiwe tayari kimetengenezwa. Kuagiza kipya kiwandani ni kusubiri foleni na wajenzi wa mitambo ya upepo ya Ulaya nzima.

Ndiyo maana Mpango wa Umoja wa Ulaya wa usalama wa kebo uliotangazwa Februari 2025 una kipengele ambacho vyombo vya habari vilikipita haraka nami nakiona ndicho kiini: kikosi cha pamoja cha meli za ukarabati. Tanzania au Kenya zikikatikiwa, macho yote huelekea Cape Town inakokaa Léon Thévenin, meli moja ya kuhudumia pwani ndefu mno. Ulaya ina uwezo wa kununua kilicho bora kuliko hicho, kama nchi zake zitakubali kuchangia vipuri badala ya kila mmoja kuficha vyake ghalani.

## Jumamosi ya Februari 8

Ushahidi kwamba wanaweza upo, na ulitokea wiki sita tu baada ya Estlink 2 kukatika.

Estonia, Latvia na Lithuania zilikuwa bado zimeunganishwa na gridi ya zamani ya Kisovieti, ambayo mapigo yake ya hertzi 50 yaliongozwa kutoka Moscow. Februari 8, 2025 walikata laini zote za Urusi na Belarus, wakaendesha gridi yao peke yao hadi siku ya pili, kisha Februari 9 wakajiunga na gridi ya bara la Ulaya kupitia LitPol Link, laini inayotoka Lithuania kwenda Poland. Mradi wote uligharimu euro bilioni 1.6, sehemu kubwa ikitoka Umoja wa Ulaya.

Sehemu ninayoipenda ni mashine tisa kubwa, tatu kila nchi, zisizochoma mafuta wala kuzalisha umeme. Kazi yao ni kuzunguka. Mtambo wa umeme ukizimika ghafla, uzito unaozunguka huzuia mapigo ya gridi yasiporomoke kabla akiba haijawashwa. Zamani uzito huo uliazimwa Urusi. Sasa upo nyumbani.

Hata hivyo laini ya nchi kavu kwenda Poland ni hiyo moja. Kebo za baharini ndizo mikono mingine ya kushikia. Estlink 2 ikiwa chini, wangeweza kuahirisha, na wapo waliotarajia waahirishe. Hawakuahirisha. Kwangu huo ni uamuzi mzito kuliko manowari yoyote iliyotumwa mwaka ule, kwa sababu ulifanya kebo iliyokatwa isiwe rungu la kuwarudisha nyuma.

## Bendera za kukodi

Linabaki tatizo la bendera, ambalo Ulaya haiwezi kulimaliza peke yake.

Watanzania tunalijua kwa ndani. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilibainika kupeperusha bendera yetu kupitia usajili wa Zanzibar uliokuwa ukiendeshwa na wakala Dubai. Januari 2018 serikali ilisimamisha usajili wa meli za nje na kuzifutia mbili usajili, baada ya moja kukamatwa na dawa za kulevya na nyingine na vilipuzi. Nchi ya bendera ndiyo iliyopewa na Ibara ya 97 kazi ya kumshtaki nahodha. Nchi hiyo haijawahi kuiona meli, haina mchunguzi Helsinki, na ilichopata ni ada ya usajili.

Waendesha mashtaka wa Ufini walikata rufaa. Wamiliki wa kebo wanasema ukarabati umewagharimu angalau euro milioni 60. Rufaa ikishinda, vizuri. Lakini kuna jambo linaloweza kufanyika bila kungoja jaji yeyote.

Desemba 16, 2024, Uingereza, Denmark, Uswidi, Poland, Ufini na Estonia zilikubaliana mamlaka zao za bahari ziziulize meli zinazotiliwa shaka uthibitisho wa bima zinapopita Mlango wa Uingereza, milangobahari ya Denmark na Ghuba ya Ufini. Chini ya makubaliano hayo meli haikulazimika kujibu, lakini jibu au ukimya uliwekwa kwenye kumbukumbu. Ningeongeza maswali matatu kwenye redio ileile: komeo la mnyororo limeshushwa, limekaguliwa saa ngapi, na ofisa gani? Baharia makini hujibu kwa sekunde 20. Anayejibu uongo, halafu nanga ikaanguka, anakuwa ameacha sauti yake kwenye rekodi ambayo mahakama ya madai, kampuni ya bima, au hata nchi ya bendera ikiamua kuamka, inaweza kuisikiliza.